Hana meno, lakini kinywa anacho

Nikiingia nyumba yenye mgonjwa wa kitandani, iwe Ngamiani au Makorora hapa Tanga, naomba mswaki wake. Jibu nalijua kabla halijatoka: "Aa, daktari, bibi hana meno huyu." Wiki hii nimeambiwa tena, na aliyeniambia ni nesi mstaafu. Basi leo naandika.

Jino likitoka, ulimi unabaki. Yanabaki kaakaa, ufizi na mashavu, na vijidudu havihami kwa sababu meno yameondoka. Mzee wa kitandani mara nyingi pia mate yamempungua: anameza amitriptilini (ya sonona au maumivu ya neva), furosemidi (ya kukojosha maji mwilini) au vidonge vya mafua, na vyote hivyo hukausha kinywa. Kinywa kikikauka, hakuna kinachojisuuza. Ute na mabaki ya uji hugandana kaakaani, vikawa gamba la kahawia. Nimewahi kulibandua huku familia ikinilalamikia kuwa namchuna mzee ngozi.

Harufu ndiyo inayowasumbua watu wa nyumbani. Mimi inanisumbua nimonia. Mzee aliyepigwa kiharusi hupaliwa, na mara nyingi hupaliwa kimya, bila hata kukohoa, usingizini. Anachovuta kwenda mapafuni ni mate yake mwenyewe, pamoja na kila kilichomo. Japani, mwaka 1999, mtafiti Yoneyama na wenzake walitoa matokeo kutoka makao ya wazee 11. Kwa miaka 2, waliosafishwa kinywa baada ya kila mlo walipata nimonia 11 kwa kila 100. Wengine walikuwa 19. Na faida ilionekana hata kwa wasio na jino hata moja. Hapo ndipo ninapotaka nesi wangu asome mara mbili.

Ila nisikuuzie mbuzi kwenye gunia. Mwaka 2015, katika makao 36 ya wazee huko Connecticut, Marekani, walijaribu mswaki, dawa ya kusukutua ya klorheksidini na kumlisha mzee akiwa wima. Nimonia haikupungua, utafiti ukasimamishwa. Vitabu vyetu vinapenda kutaja ule wa Japani na kuuruka huu. Mimi bado nasafisha, kwa kuwa kinywa safi kinampa mzee nafuu ya kula na kuongea, na kwa kuwa mkono unaosugua nauamini kuliko chupa. Lakini kumwahidi mtu kwamba baba yake hatapata nimonia, hapana.

Meno bandia sasa, maana hapa ndipo ninapopandisha sauti. Yanavuliwa usiku. Najua bibi anaona haya kuonekana na kinywa kimebonyea, na najua wapo wanaolala nayo tangu harusi ya kitinda mimba. Japani hiyohiyo, kwa wazee 524 waliotimiza miaka 85 na zaidi, waliolala na meno bandia walipata nimonia zaidi ya mara mbili ya waliovua. Mbishi atasema labda asiyevua ndiye asiye na wa kumsaidia, na huenda tofauti imetoka huko. Hoja nzuri, siipuuzi. Hata hivyo ukiyavua ukakuta kaakaa jekundu kama limechorwa kwa umbo la meno yenyewe, hao ni fangasi, na matone ya nistatini, dawa ya fangasi, hayatafaa kitu ukimrudishia mgonjwa meno yaleyale yasiyosafishwa. Sugua kwa mswaki na sabuni ya kawaida, laza kwenye maji baridi. Ya moto huyapinda, kisha mnanilaumu kwamba nilipima vibaya.

Namna ya kusafisha: mkalishe, au mlaze ubavu, kidevu kielekee kifuani. Usimrudishe kichwa nyuma, utamzamisha. Mswaki laini wa mtoto, uliolowa kidogo tu, upite ulimini, kaakaani na ndani ya mashavu. Unachotoa, futa kwa gozi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda. Dawa ya meno kidogo sana, au usitie kabisa kama hawezi kutema. Ndimu na chumvi ziacheni jikoni. Mwenye meno yaliyobaki usimtie kidole katikati, hasa aliyepoteza kumbukumbu. Akikaza taya, ondoka, urudi baada ya chai. Kushindana naye ni kazi bure.

Lipo na jambo ambalo chuoni hawakulisema. Mkamwana hawezi kumtia mkono kinywani baba mkwe, na mimi simlazimishi. Kila nyumba ina mjukuu. Wajukuu hawana haya hiyo, tena babu huwafungulia kinywa huku anacheka.

Mengine kwa haraka. Presha haimzuii mzee kung'olewa jino. Inataka ipimwe, na ikiwa juu mno tunasubiri itulie. Aspirini anayoitumia asiache kabla ya kung'olewa kwa shauri la jirani. Jino lililooza shina, linalotikisika kwa mgonjwa aliyedhoofu sana, wakati mwingine naliacha palepale, nikiwa na shaka, kwa sababu siku ya kulitoa inaweza kumchosha kuliko mwaka wa kuishi nalo. Ila lililolegea kiasi cha kuweza kumdondokea kooni, hilo natoa.

Na bibi wa tambuu: kidonda cha kinywa, au doa jeupe lisilofutika, likipita wiki 2, mleteni. Msimpakie asali kwanza. Mleteni hata kama haumwi, maana saratani ya kinywa ikianza mara nyingi haiumi.