Moto Ukiwaka Usiku, Mtoto Anajua pa Kupita? Maswali na Majibu kwa Wazazi wa Nyanda za Juu Kusini

Baridi ya Juni hadi Agosti ikikaza, nyumba nyingi za Mbeya, Iringa, Njombe na Makete huingiza jiko la mkaa ndani, mishumaa huwashwa umeme ukikatika, na watoto hulala wamejifunika mablanketi mazito. Ndio msimu wa kuwaandaa.

Mtoto aanze kufundishwa akiwa na miaka mingapi?

Miaka 3 inatosha kujifunza njia ya kutoka. Wa miaka 5 au 6 ajue kwa kichwa namba ya simu ya mzazi mmoja, mtaa anaoishi, na 114 ya Zimamoto na Uokoaji. Azoee pia kutaja alama: "nyuma ya kanisa, karibu na mashine ya kusaga." Mtoto mchanga asiyetembea apangiwe mtu mmoja wa kumbeba. Mkisema "yeyote aliye karibu", kila mtu atadhani mwenzake ameshambeba.

Kwa nini wengine hujificha uvunguni badala ya kukimbia?

Kwa hofu. Mdogo huamini kwamba asipouona moto, nao haumwoni. Aliyechezea kiberiti huogopa fimbo, naye hujibanza kabatini kimya hata akiitwa jina. Mwambieni leo, kabla ya jambo lolote: "Hata kama ni wewe uliyewasha, hutachapwa. Toka nje kwanza." Muonyesheni pia picha ya askari wa zimamoto aliyevaa kofia na barakoa ya hewa, maana mtoto asiyewahi kumwona humkimbia kama zimwi.

Mazoezi yenyewe yanafanyikaje?

Anzeni mchana. Mtoto alale kitandani, mzazi agonge sufuria kwa mwiko na kupaza sauti: "Moto! Moto!" Ateremke na kutambaa kwa mikono na magoti, kichwa chini, kwa sababu moshi wa moto hupanda juu na hewa ya kuvuta hubaki karibu na sakafu. Moshi wa godoro la sponji ni sumu kali. Pumzi chache tu zinaweza kumwangusha hata mtu mzima.

Akikuta mlango umefungwa, auguse kwa mgongo wa kiganja. Ukiwa wa moto asiufungue, apite njia ya pili. Njia ya pili isipokuwepo, azibe upenyo wa chini kwa blanketi na kuita dirishani. Akipita mlango aurudishie, kwani mlango uliofungwa huchelewesha moto na moshi.

Chagueni mahali pamoja pa kukutania, mbali na nyumba: chini ya mparachichi, au getini kwa jirani. Akifika hapo asirudi ndani, hata kama mdogo wake hajatoka. Kazi yake ni kumwambia mtu mzima nani amebaki na yuko chumba gani.

Rudieni usiku, taa zimezimwa, mkono ukifuata ukuta: mlango wa kwanza bafu, wa pili sebule. Lenga wote wawe nje ndani ya dakika 2. Kosa tunaloliona sana ni mzazi kumshika mtoto mkono kila mara. Siku ya siku atakaa kitandani akisubiri kushikwa.

Madirisha yetu yana nondo. Tufanyeje?

Mwite fundi wa kuchomelea. Katika kila chumba cha kulala, nondo za dirisha moja zikatwe na kufungwa kwa bawaba upande mmoja na komeo upande wa ndani, linalofunguka bila ufunguo na mtoto analifikia. Komeo lipakwe grisi, maana likishika kutu halina faida. Ufunguo wa mlango mkuu ukae kwenye msumari mmoja kimo cha mtoto, lakini mbali na mkono wa mtu aliye nje ya dirisha. Na tafadhali, msiwafungie watoto kwa kufuli la nje mnapokwenda sokoni au shambani.

Nguo ikishika moto?

Asikimbie, upepo huuchochea. Asimame, alale chini, afunike uso kwa viganja, abingirike hadi uzime.

Akiungua?

Mimina maji safi ya baridi, yasiyo ya barafu, kwa dakika 20. Vua nguo na bangili zisizogandia kwenye ngozi. Maji ya Makete mwezi wa Julai hutetemesha: yaelekeze kwenye jeraha tu, mwili mwingine uufunike blanketi. Dawa ya meno, majivu, asali na mafuta huziba joto ndani na kuleta uchafu. Funika kwa kitambaa safi, mpeleke kituo cha afya. Uso, viganja, sehemu za siri au kuvuta moshi: hospitali mara moja.

Na jiko la mkaa chumbani usiku?

Litoke nje kabla ya kulala, hata makaa yakiwa yamefifia. Hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Mtoto ajue kwamba kichwa kikiuma na kichefuchefu kikija pale jiko lilipo, anatoka nje na kumwamsha mkubwa.