Moyo kusimama ghafla: mbona wengi wanaanguka asubuhi?

Ni kweli asubuhi ndo hatari zaidi?
Kwa tafiti za zamani, ndiyo. Kule Framingham, Marekani, waliwafuatilia watu miaka mingi, na matokeo ya mwaka 1987 yalionyesha vifo vya ghafla vya moyo vinapanda sana kati ya saa 1 na saa 3 asubuhi. Ila utafiti wa Oregon, hukohuko Marekani, wa miaka ya karibuni haukuona tena kilele hicho cha asubuhi, huenda kwa sababu dawa za moyo zimeboreka na watu siku hizi hawana muda maalum wa kulala wala kuamka. Kwahiyo usijidanganye kwamba ikishapita saa 4 umeshavuka.

Asubuhi kuna nini?
Fikiria alamu imelia saa 11 alfajiri, unaruka kitandani, unakimbilia ndoo ya maji, daladala inakusubiri. Mwili nao unamwaga homoni za kukuamsha, presha inapanda, mapigo yanaenda mbio, na ukisimama tu chembe za damu zinakuwa rahisi kugandana. Moyo mzima unahimili yote hayo bila shida, lakini wenye mishipa iliyoziba au kovu la zamani umeme wake unaoendesha mapigo unaweza kuvurugika hapohapo, unabaki unatetemeka tu bila kusukuma damu. Ndo maana mwenye presha aliyeacha dawa kwa kuwa "najisikia poa" ananiumiza roho, presha haipigi hodi jamani.

Na wale wanaokutwa wamefariki usingizini?
Hapa mtaani tunasema karogwa au kakabwa na jinamizi, familia zinagombana mpaka msibani, inasikitisha sana. Ukweli ni kwamba yapo matatizo ya umeme wa moyo ya kurithi yanayoua usiku, mfano Brugada, ambayo Thailand na Ufilipino wanaijua vizuri kwa sababu imewachukua vijana wa kiume waliolala wakiwa wazima kabisa. Kama kwenu kuna kijana alikufa hivyo, ndugu zake wa damu wakapime ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo.

Kingine ni kukoroma. Siyo kila kukoroma, nasemea kule ambako mumeo anakoroma kwa nguvu, mara kimyaa, unahesabu sekunde kumi hapumui, halafu anashtuka kama aliyekuwa anazama. Utafiti uliotoka Marekani mwaka 2005 ulikuta watu wa namna hiyo vifo vyao vya ghafla vinarundikana usiku wa manane mpaka alfajiri. Mwenyewe hajui kwa kuwa amelala, wewe wa pembeni ndo shahidi, mwambie na umpeleke hospitali.

Mtu akianguka mbele yangu?
Mwite, mtikise. Haitikii na hapumui, au anavuta pumzi mojamoja kama anakoroma, hiyo siyo pumzi, usidanganyike! Mmoja apige 112, wewe weka kiganja katikati ya kifua, kingine juu yake, mikono imenyooka, kandamiza kwa nguvu kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Usimmwagie maji wala usimpe kitu mdomoni. Kila dakika inayopita bila kukandamizwa nafasi ya kupona inapungua kwa karibu asilimia 10, kwahiyo ukichoka mwingine apokee, msiache mpaka wataalamu wafike au mwenyewe aanze kupumua.