Mti wenye chungu: ndege huukimbia au huuhamia?

Ukiparamia mti wenye maji moto, wale chungu (sisimizi) wakali, hushuki kwa kuchagua tawi. Ndiyo maana wengi huamini kwamba mti wenye chungu wakali hauwi na kiota, kwani makinda wataliwa kabla hawajaota manyoya.

Hofu hiyo ina chanzo. Chungu wa moto wa Amerika Kusini, walioingia kusini mwa Marekani katika karne ya 20, huua vifaranga hata wakiwa bado wanatoboa ganda. Lakini hao hujenga ardhini. Wakazi wa mtini wana hesabu nyingine.

Katika misitu mikavu ya Kosta Rika yuko ndege mdogo, Campylorhynchus capistratus (zamani akihesabiwa C. rufinucha), anayependa kujenga kwenye migunga yenye miiba mfano wa pembe za ng'ombe. Miiba hiyo ina uwazi ndani, na humo hujaa chungu wa jamii ya Pseudomyrmex. Mti huwapa malazi na maji matamu; wao humdunga yeyote anayeugusa. Kima au nyoka anayefuata mayai hana budi kupita kwa walinzi hao. Ndege huyohuyo hujenga pia karibu na nyigu, na viota vya namna hiyo hufanikiwa zaidi kukuza makinda. Kwa maoni yangu anatafuta mlinzi mwenye mwiba tu. Awe chungu au nyigu, kwake ni mamoja.

Wengine husema chungu ni chungu, mradi wapo. Sivyo. Migunga ya Laikipia, Kenya, ile inayopiga mluzi upepo ukivuma, hukaliwa na aina nne. Crematogaster mimosae hufurika nje tawi likitikiswa. Crematogaster sjostedti, anayeishi katika matundu yaliyochimbwa na mabuu ya mbawakawa, ni mlegevu. Mti usio na walinzi wakali huvunjwa na tembo, na kiota kilichomo huanguka nao.

Dhana potofu ninayoipenda zaidi ni ile ya kwamba ndege na chungu wamepatana. (Kasuku na midiria wanaochimba vichuguu vya mtini tuwaache: hao hukaa na mchwa, ambao ni ndugu wa mende.) Kigong'ota mwekundu wa Asia, Micropternus brachyurus, hutoboa shimo lake ndani ya kiota cha Crematogaster kilicho juu ya mti, wenyewe wakiwa bado wamo. Hutaga humo, huatamia humo. Chakula chake? Chungu, wakiwemo wa jamii ya hao waliompa nyumba.