Namba tasa kubwa kuliko zote: yanayosemwa na yaliyo kweli

Oktoba 2024 ilitangazwa namba tasa (isiyogawanyika ila kwa 1 na kwa yenyewe) kubwa kuliko zote zinazojulikana: 2 kwa kipeo cha 136,279,841, ukitoa 1. Ina tarakimu 41,024,320.

Wengi hudhani kompyuta iliigawa kwa kila namba ndogo yake mpaka ikakosa kigawo. Hata kompyuta zote za dunia zikiungana, kazi hiyo haimaliziki. Kinachotumika ni kipimo cha wanahisabati Lucas na Lehmer, nacho unaweza kukifanya kwa kalamu. Chukua 2 kwa kipeo cha 5, toa 1: unapata 31. Anza na 4. Izidishe kwa yenyewe, toa 2: 14. Rudia kwa 14: 194, ambayo ukiigawa kwa 31 inabaki 8. Rudia kwa 8: 62, na safari hii hakibaki kitu. Idadi ya hatua ni kipeo ukitoa 2, kwa hiyo hapa ni tatu, na hatua ya mwisho ikiacha sifuri, namba ni tasa. Hatukutafuta kigawo hata kimoja! Kwa ile kubwa hatua ni zaidi ya milioni 136, lakini kanuni ni hiyohiyo. Inafaa kwa namba za umbo hili tu, yaani 2 kwa kipeo fulani, ukitoa 1, ndiyo maana rekodi nyingi zinatoka humu.

Wengine husema kipeo kikiwa tasa, jibu nalo litakuwa tasa. Jaribu 11: unapata 2,047, ambayo ni 23 mara 89. Mwaka 1644 Mersenne mwenyewe, mtawa wa Ufaransa ambaye namba za umbo hili zina jina lake, aliingiza kipeo cha 67 kwenye orodha yake ya tasa. Mwaka 1876 Lucas akaonyesha kwamba namba hiyo si tasa, ila vigawo vyake hakuvijua. Vilipatikana 1903, mwanahisabati Cole alipoonyesha kuwa ni 193,707,721 mara 761,838,257,287. Kujua kwamba namba inagawanyika ni jambo moja. Kujua inagawanywa na nini ni jingine kabisa, na kwangu hapo ndipo penye utamu wa somo hili.

Kwamba namba hii ya rekodi inalinda siri za benki, si kweli. Usimbaji, yaani kuficha ujumbe kwa hesabu, hutumia tasa za tarakimu mia kadhaa, tena zisizojulikana na wengine. Hii inajulikana na kila mtu.

Wala si ya mwisho. Euclid, mwanahisabati wa Ugiriki ya kale, alithibitisha zamani kwamba tasa hazina kikomo. Isitoshe, kati ya namba yoyote kubwa kuliko 1 na maradufu yake lazima iwepo tasa. Rekodi iliyotangulia, ya 2018, ilikuwa na kipeo cha 82,589,933. Kutoka hapo hadi ya 2024, 2 imezidishwa zaidi ya mara milioni 53, kwa hiyo katikati yake zimo tasa zisizopungua milioni 53, na kwa kweli ni nyingi mno kupita hapo. Siku rekodi mpya inatangazwa, hakuna hata moja kati ya hizo iliyokuwa inajulikana.