Mradi wa pembeni: mkongwe anapojenga nyumba ya pili

Mradi wa pembeni ni kazi ya muziki ambayo mwanamuziki anaifanya nje ya bendi yake, kwa jina jingine na mara nyingi na watu wengine, huku akiwa bado ni mtu wa bendi ile ile. Kipande hicho cha mwisho ndicho cha kushika. Akishatoka kabisa, hayo ni mambo mengine na yana majina yake: amehama, amejitoa, bendi imemeguka.

Sisi wa Tanga tuna mifano ya yote hayo nyumbani. Kikundi cha taarabu cha Lucky Star kilitokana na kumeguka kwa Black Star, na Shakila akawa sauti ya upande mpya. Huko ni kuhama. Mwaka 1978 Simba Wanyika iliondokewa na wapigaji waliokuwa na Omar Shabani wa gita la rithimu, wakaunda Les Wanyika. Huko pia ni kuhama. Lakini George Peter Kinyonga, aliyeanzia Jamhuri Jazz katika mji huu pamoja na nduguye Wilson, ana nyimbo zilizotoka kwa jina la Orchestra Jobiso, na ni George huyo huyo tunayemjua kuwa nguzo ya Simba Wanyika. Jobiso ndiyo mradi wa pembeni.

Kilichonifanya nilifikirie jambo hili ni maneno ya fundi redio mmoja wa Ngamiani. Mpwa wangu anapenda roki, na siku hiyo tulikuwa tumepeleka redio ya nyumbani iliyokuwa ikikoroma. Wakati tunasubiri, kijana akawa anamwonyesha mzee simu: "Babu, huyu ni Roger Taylor wa Queen, lakini hapa yuko na bendi yake nyingine, The Cross." Fundi aliweka chini kifaa chake cha kuyeyushia risasi, akavaa miwani, akaitazama ile simu muda mrefu. Queen, bendi ya roki ya Uingereza, anaijua vizuri, kwa kuwa mwimbaji wake, Freddie Mercury, alizaliwa hapo ng'ambo tu, Unguja, mwaka 1946.

"Huyu si mpiga dramu?" akauliza. "Mbona kashika gita?"

Mpwa wangu akamweleza kwamba kwenye The Cross anaimba na kupiga gita. Mzee akatikisa kichwa. "Hiyo nyumba ndogo hiyo."

Neno lile limekaa kichwani mwangu, maana naona linaeleza mashabiki kuliko linavyomweleza mwanamuziki. Mke mkubwa hana haja ya kwenda kukagua sufuria za nyumba ya pili ajue kama zinang'aa. Anachohesabu ni zamu. Mume amelala huko siku ngapi? Shabiki wa bendi kongwe naye yuko hivyo. Anaposikia kwamba mpiga gita wake ametoa albamu na watu wengine, kabla hajabonyeza wimbo wa kwanza ameshapiga hesabu: miezi aliyokuwa huko studio ndiyo miezi ambayo bendi yangu haikurekodi. Ndiyo maana albamu moja, nyimbo zile zile, inapokewa na huyu kwa furaha na yule kwa kinyongo. Hawabishani juu ya nyimbo hata kidogo.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Robert Plant, mwimbaji wa Led Zeppelin. Oktoba 2007 alitoa albamu na Alison Krauss, mwimbaji na mpiga fidla wa muziki wa mashambani wa Marekani. Nyimbo za taratibu, sauti mbili zinapita pamoja kama watu wanaonong'onezana. Tarehe 10 Desemba mwaka huo huo Led Zeppelin wakapanda jukwaani London, mwana wa marehemu John Bonham, mpiga dramu wao, akipiga dramu mahali pa baba yake. Dunia nzima ya roki ikangoja itangazwe ziara. Haikutangazwa. Mwaka 2008 Plant alizunguka na Krauss, na Februari 2009 kazi yao ikachukua tuzo ya Grammy ya albamu bora ya mwaka. Aliyekuwa hangojei Led Zeppelin alisikia albamu nzuri mno. Aliyengoja tangu Bonham alipofariki mwaka 1980 na bendi ikanyamaza, akakaribia kukiona alichokingojea, kisha mlango ukafungwa, yeye alisikia kitu kilichomnyang'anya zamu yake. Sitaki kumlaumu huyu wa pili. Miaka 27 ni mingi.

Na si mashabiki peke yao wanaohesabu. Mick Jagger alipotoa albamu yake mwaka 1985, aliyeudhika kuliko shabiki yeyote alikuwa Keith Richards, mwenzake wa Rolling Stones tangu ujana. Mwaka 1988 Keith naye akatoa yake, na humo kuna maneno ya kumrushia Mick. Mwaka 1989 wakarudi pamoja, albamu na ziara.

Sasa upande wa mwanamuziki, ambao mashabiki hatuuangalii vya kutosha. Bendi kongwe ni kama shamba la ukoo. Kila tawi lina haki, kila neno linataka kikao. Queen walikuwa wanne na wote wanne walikuwa watunzi, na albamu moja inabeba nyimbo kama kumi. Zako nane zikibaki nje, utazipeleka wapi? Tena kuna kuchoka na kiti. Mtu amekaa nyuma ya dramu tangu ana miaka ishirini na kitu, kila usiku anaangalia migongo ya wenzake. Roger Taylor alipoanzisha The Cross mwaka 1987 alichukua wapigaji ambao wengi wao hawakuwa na jina, akasimama mbele, akaona nyuso za watu. Mimi nimemwelewa. Wakati huo huo Queen ilikuwa hai na ikaendelea kurekodi.

Kuna jambo jingine linalogawa mashabiki, nalo ni sauti. Mwimbaji akienda pembeni anaondoka na kitambulisho cha bendi kooni mwake. Phil Collins alipotoa albamu yake ya kwanza mwaka 1981 akiwa bado mwimbaji wa bendi ya Genesis, hakuna aliyehitaji kuambiwa ni nani anaimba, na pembeni kukaja kuwa kukubwa sawa na nyumbani. Mpiga dramu au mpiga besi hana bahati hiyo. Jina lake linawaleta watu mlangoni, wakiingia hawakuti harufu waliyoizoea.

Wakongwe wakikutana kutoka bendi mbalimbali, kama George Harrison, Bob Dylan, Roy Orbison, Tom Petty na Jeff Lynne walivyofanya mwaka 1988 kwa jina la Traveling Wilburys, kinyongo huwa kidogo. Hapo watu wanaona harusi, hakuna anayejiona ameibiwa.

Halafu zamu zikiisha, masikio yanafunguka. Freddie Mercury aliimba na Montserrat Caballé, mwimbaji mkubwa wa opera wa Hispania, wimbo wa kuusifu mji wa Barcelona. Ulipotoka mwaka 1987 ulifika nafasi ya 8 Uingereza. Mwaka 1992 Freddie alikuwa ameshafariki, wimbo ukatolewa tena, ukapanda hadi nafasi ya 2. Michezo ya Olimpiki iliyofanyika Barcelona mwaka huo iliusaidia, hilo lazima lisemwe. Lakini pia hakukuwa tena na albamu ya Queen ya kuchelewa kwa ajili yake.

Ndivyo ilivyo kwa Jobiso leo. Panda bajaji hapa mjini, dereva akiwa mpenzi wa zilipendwa: kwenye flashi moja Simba Wanyika inafuatwa na Jobiso, Jobiso inafuatwa na Les Wanyika, na abiria anaitikia kibwagizo bila kuuliza nani alikuwa ameachwa nyumbani.

Redio yetu ilipona jioni ile. Ilikuwa waya mmoja tu wa spika. Tulipokuwa tunaaga, fundi alimwita mpwa wangu arudi.

"Huyo mpiga dramu kashika gita. Sasa dramu humo anapiga nani?"

Kijana akatafuta kwenye simu. Josh Macrae.

Mzee akalirudia lile jina polepole, asiyewahi kulisikia. "Kupiga dramu," akasema, "na aliye mbele yako ni Roger wa Queen." Akavua miwani. "Hebu niwekee tena, nimsikilize huyo."