Maji ya Paa Lako Ni Yako Mpaka Yafike Mtaroni

Vuli imekaribia na simu zimeanza. Mvua ya kwanza kubwa ikipiga Mwanza usiku, asubuhi yake ofisi yetu ya uhandisi wa mitaro hupokea malalamiko mengi kuliko yale ya kiangazi kizima. Mtaro umefurika Mabatini. Maji yameingia dukani Mbugani. Kalavati limeziba Igoma na daladala zimekwama. Safari hii malalamiko yametangulia mvua yenyewe, kwa sababu watu wanakumbuka msimu uliopita, na ndiyo maana nimeombwa kuandika makala haya. Nitajitahidi kuandika kama mhandisi, si kama mtu aliyeshinda siku nzima akipokea simu hizo.

Nianze na swali tunaloulizwa kuliko yote: "Kwa nini hamzibui mtaro wetu wakati tunalipa bili ya maji kila mwezi?" Bili ya MWAUWASA, mamlaka ya maji ya Mwanza, ni ya majisafi na, kwa mteja aliyeunganishwa na mtandao, ni ya majitaka pia. Maji ya mvua hayamo. Soma bili yako, mstari kwa mstari. Huo wa mvua hutauona. Ujerumani, halmashauri nyingi humtoza mwenye kiwanja kulingana na eneo alilolifunika kwa paa, lami au zege, na mtu wa huko hufikiri mara mbili kabla ya kusakafia ua wote hadi getini. Sisemi tuige. Kupendekeza tozo si kazi yangu. Nasema tu kwamba kile unachodhani umekilipia hujakilipia.

Mtaro ni wa nani, basi? Ule ulio kando ya barabara kuu au ya mkoa ni sehemu ya barabara hiyo na uko chini ya TANROADS, wakala wa barabara wa taifa. Ule wa barabara za mitaa uko chini ya TARURA, wakala wa barabara za vijijini na mijini, ambao umekuwepo tangu 2017. Kabla ya hapo zilikuwa mikononi mwa halmashauri, na wazee wengi bado wanapeleka barua kwa mkurugenzi. Mto wenyewe, kwa maana ya Mirongo na vijito vyake, ni rasilimali ya maji, na msimamizi wake ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria. Chemba na mabomba ya majitaka ni ya MWAUWASA. Maji ya mvua ya upenuni kwako, mpaka yafike kwenye mtaro unaotambulika, ni yako wewe. Kwenye sentensi hiyo ya mwisho ndipo tunapogombana na wananchi.

Tufanye hesabu, maana bila hesabu tutabishana mpaka masika. Nyumba ya kawaida yenye paa la mita 12 kwa 10 ina mita za mraba 120. Mvua ya milimita 50, ambayo kwa Mwanza si ajabu, inateremsha lita 6,000 kutoka kwenye paa hilo. Hizo ni ndoo 300 za lita 20. Sasa panda Igogo au Isamilo utazame mapaa yaliyoshonana kati ya mawe. Nyumba 200 za namna hiyo zinamwaga lita milioni moja na laki mbili, sawa na boza 120 za lita 10,000, na boza hizo hazishuki moja moja. Zinashuka kwa pamoja, ndani ya saa moja au mbili, kwenye mteremko wa jiwe tupu lisilonywa hata tone.

Kabla ya nyumba hizo kulikuwa na vichaka na udongo wa kichanga katikati ya mawe. Maji mengi yalizama, yaliyobaki yakateremka taratibu. Ukiweka bati, sakafu na njia za zege, karibu yote yanateremka, tena kwa kasi. Mtaro wa chini haukukosewa kujengwa. Ulijengewa mlima mwingine, ule wa zamani. Wenzangu wa taaluma mtaniruhusu niseme na hili: baadhi yetu bado tunapima mitaro kwa takwimu za mvua za zamani na kwa ramani zinazoonyesha vichaka pale ambapo leo kuna mtaa mzima. Hilo ni letu, wala halimhusu mama mwenye duka Mbugani.

Mwenye nyumba anaweza kufanya nini? Aweke migongo ya kukinga maji kwenye paa, na tangi. Tangi la lita 5,000 linakamata karibu mvua yote ya mfano wangu. Ila lazima liwe tupu mvua inapoanza. Tumekuta matangi yaliyojaa pomoni tangu mvua ya kwanza, mwenyewe anayatunza "ya akiba", na mvua ya pili yote inamwagika kwa jirani wa chini. Maji yanayozidi yaelekezwe kwenye mtaro uliojengwa, siyo kwenye ukuta wa mwenzako. Palipo na mteremko mkali, mtaro ujengwe kwa mawe na uwe na ngazi za kuyavunja nguvu. Maji yanayokimbia zaidi ya mita tatu kwa sekunde huchimba hata mahali unapodhani ni pagumu, na yakienda polepole mno, chini ya nusu mita kwa sekunde, yanaacha mchanga njiani. Kazi yetu yote ni kuyaweka katikati ya hayo mawili. Mawe tunayo. Mji huu haujawahi kupungukiwa na mawe.

Sasa suala la chemba. Mwanza mifumo ni miwili, na haipaswi kukutana. Majitaka yanapita kwenye mabomba hadi mabwawa ya kutibu yaliyoko Ilemela. Maji ya mvua yanapita mitaroni hadi ziwani bila kutibiwa popote. Mabomba ya majitaka yaliyopandishwa kwenye vilima ni membamba kwa makusudi, kwa sababu yamekadiriwa kubeba maji ya choo, bafu na jiko tu. Mtu anapofungua mfuniko wa chemba wakati wa mvua ili ua wake ukauke, anaingiza maji ambayo bomba halikuandaliwa kuyabeba, na pamoja nayo mchanga. Mchanga unakaa. Wiki mbili baadaye choo cha jirani wa chini kinarudisha, naye anapiga simu kulalamikia mradi mbovu wa mabomba. Mradi si mbovu. Mfuniko ulifunguliwa.

Kinyume chake ni kibaya zaidi, nako ni kutapisha vyoo. Kila mtu anajua kinachofanyika na kila mtu anasema ni jirani: mvua ikinyesha usiku, bomba la shimo linafunguliwa na vyote vinaelekea mtaroni. Kuna anayeamini kwamba mvua "inasafisha". Mvua inasafirisha. Mtaro unaingia Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na vyanzo vya maji vya Capri Point na Butimba vyote vinavuta kutoka ziwa hilohilo. Maji hutibiwa kabla ya kuja bombani, sina wasiwasi na wenzangu wa huko, lakini mtoto anayecheza pembeni ya mtaro Mabatini hatibiwi. Kipindupindu hakihitaji maelezo kwenye mji huu.

Kuhusu kalavati za kuingilia nyumbani nitakuwa na urefu kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi ninayoifanya kila siku. Ukitaka kupitisha gari juu ya mtaro wa barabara, huo mtaro uko ndani ya hifadhi ya barabara na huruhusiwi kuugusa bila kibali cha mwenye barabara. Anza serikali ya mtaa, upate barua ya utambulisho yenye muhuri. Barua isiyo na muhuri hurudi, na kila wiki tunarudisha. Ambatisha uthibitisho wa umiliki wa kiwanja na mchoro, hata wa mkono, unaoonyesha geti lako liko wapi na maji yanaelekea upande gani. Mkaguzi atakuja kupima upana na kina cha mtaro. Kipimo hicho ndicho kitakachoamua ukubwa wa kalavati: nafasi ya maji chini ya geti lako isiwe ndogo kuliko nafasi iliyoko kabla na baada yake. Bomba la inchi sita kwenye mtaro wa mita moja si kalavati, ni kizibo. Magogo, matairi na vifusi tusivijadili. Juu weka mifuniko ya zege inayonyanyuka, siyo zege la kumwaga moja kwa moja, ili paweze kuzibuliwa. Ukishajenga, mwite mkaguzi tena kabla hujafukia. Kuzibua chini ya geti lako ni jukumu lako muda wote utakaokaa hapo, na la atakayenunua nyumba baada yako. Aliyejenga bila kibali atapewa ilani ya maandishi yenye siku za kurekebisha; zikipita, kizuizi kinavunjwa na gharama zinadaiwa kwake. Wapo wanaoiweka ilani kabatini kama cheti. Siku zinahesabika tangu siku ya kupokea, si tangu siku ya kuisoma.

Waliojenga kando ya Mirongo wananiuliza kuhusu mita 60. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari, shughuli za kibinadamu zilizo za kudumu au zinazoweza kuathiri hifadhi ya maeneo hayo. Ni ukingo, siyo katikati ya maji, na siyo ukuta ulioujenga mwenyewe ukauita ukingo. Najua kuna nyumba zilizokuwepo kabla ya 2004 na kuna mashauri ambayo siwezi kuyazungumzia hapa. Ninachoweza kusema ni kwamba kuongeza chumba sasa, ukisubiri kufidiwa, ni kamari.

Halafu kuna wanaosema mafuriko ya Mwaloni na fukwe za chini yanatokana na Uganda kufunga maji Jinja, pale Mto Nile unapotokea ziwani. Kila ziwa likipanda hadithi hii inapanda nalo. Takriban asilimia 80 ya maji yanayoingia Ziwa Victoria ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe. Mito yote kwa pamoja inaleta sehemu ndogo. Mwaka 2020 ziwa lilivuka kiwango cha 1964 kwa sababu ilinyesha sana. Kwetu sisi wa mitaro athari yake iko wazi: ziwa likiwa juu, mdomo wa mtaro unazama, maji ya mji hayana pa kutokea na yanarudi nyuma. Hapo hata mtaro uliozibuliwa jana utafurika, na hilo tunaomba mtuelewe.

Taka. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019. Kanuni za mwaka huo zinaweka faini ya kuanzia Sh 30,000 hadi Sh 200,000 au kifungo kisichozidi siku saba, au vyote viwili, kwa anayekutwa nao au kuutumia. Kwa muuzaji ni Sh 100,000 hadi Sh 500,000 au kifungo kisichozidi miezi mitatu, au vyote viwili. Mifuko imepungua kweli. Leo kwenye kalavati tunatoa chupa za maji na soda, na vile vifungashio vyepesi ambavyo vilibuniwa kwa ajili ya karanga na vimegeuka kuwa mfuko wa nyanya.

Mnaojenga mitaro kwa fedha za mtaa, ulizeni namba ya usajili. Mhandisi anasajiliwa na bodi yake na mkandarasi na ya kwake, kwa sheria mbili tofauti za mwaka 1997, na kufanya kazi hizo bila usajili ni kosa. Fundi hodari wa kupanga mawe tunamhitaji, tena sana, ila mteremko wa mtaro haupimwi kwa jicho.

La mwisho ni Jumamosi ya usafi ya mwisho wa mwezi. Mitaa mingi inajitokeza vizuri, majembe yanaingia mtaroni, mchanga unatolewa. Kisha unarundikwa palepale ukingoni, watu wanapiga picha na kwenda kunywa chai. Mvua inayofuata inaurudisha wote ndani. Kabla ya kuanza kuchimba, mwenyekiti wa mtaa akubaliane na afisa afya wa kata gari la kubeba litafika saa ngapi. Gari likikosekana, beba mchanga kwa toroli hadi kwenye kiwanja kilicho juu ya usawa wa mtaro, angalau hatua kumi kutoka ukingoni. Mchanga wa Mwanza ni mzuri kwa ujenzi. Ukiacha tangazo kwamba ni wa bure, ukiwa umechekechwa taka, haumalizi siku mbili.