"Si walikuwa yatima wa vita?" Watoto wa Kiingereza waliopelekwa Australia

Kila stori hii ikiguswa nasikia yale yale: ni yatima wa mabomu, wakapelekwa kwenye jua na matunda, na hayo ni ya kale yameshaisha. Baada ya Vita Kuu ya Pili mashirika ya hisani na ya kanisa ya Uingereza, serikali ikiwaunga mkono, yalisafirisha watoto kama 4,000, wengi kwenda Australia, wengine hata miaka mitano hawajafika. Hebu tuyapekue.

Kwanza hili la yatima. Jamani wengi wao mzazi alikuwa hai kabisa! Mama kazaa bila ndoa, enzi hizo aibu kubwa, au mume kaondoka na kodi imemshinda, anamweka mtoto kwenye kituo cha kulelea watoto akijua atamfuata mambo yakikaa sawa, akirudi anaambiwa mtoto kapata familia nzuri hapo hapo Uingereza, kumbe yuko baharini, na huko aendako mtoto naye anaambiwa mama yako alishakufa. Neno yatima ndo lilifanya kazi yote, maana ukishamwita mtoto yatima hakuna tena wa kumwomba ruhusa.

Eti walienda kulelewa na familia. Wapi! Wengi waliishia kwenye mashamba na mabweni, yale ya shirika la Fairbridge kule Pinjarra na Molong, Australia, au Bindoon ya mabruda wa Kikatoliki ambako vijana walijenga majengo yenyewe kwa mikono yao, kazi ngumu, vipigo, na kudhalilishwa kingono. Ndugu wa tumbo moja wakatenganishwa. Wapo wanaosema walipata mwanzo mzuri, sikatai, ila hao si wote.

Halafu "serikali haikujua". Hii ndo inanikera kuliko zote. 1946 ripoti ya Curtis, ya kamati ya serikali ya Uingereza kuhusu malezi ya watoto, ilishatoa tahadhari, na 1956 ujumbe wa serikali hiyo hiyo, ukiongozwa na John Ross, ukaenda Australia kukagua vituo ukarudi na maneno makali, vingine ukaona havifai kupelekewa watoto, lakini watoto wakaendelea kupakiwa tu. Uchunguzi huru wa Uingereza kuhusu udhalilishaji wa watoto, ripoti yake ya 2018, ulisema wazi kwamba serikali iliogopa kuwaudhi Waustralia na yale mashirika ya hisani.

Na huruma yenyewe ilikuwa na rangi, maana Australia ilitaka watu weupe kujaza nchi, mtoto mweusi wa kituo hicho hicho hakutakiwa. Rhodesia (Zimbabwe ya leo) nako walipelekwa wachache, hawafiki 300, shule ilikuwa karibu na Bulawayo, ila kule hawakufundishwa ukulima wa kibarua, walikuzwa wawe mabwana. Msomaji wa Afrika hapo haulizi mara mbili.

"Ya kale hayo." Ya kale gani wakati safari za mwisho ni karibu na 1970? 1986 mfanyakazi wa ustawi wa jamii wa Nottingham, Margaret Humphreys, alipata barua ya mwanamke aliyepelekwa Australia akiwa mdogo, anatafuta kwao, na mwaka uliofuata akaanzisha Child Migrants Trust. Kilichofuata ni watu wazima wenye wajukuu wasiojua walizaliwa wapi, hawana cheti cha kuzaliwa, jina limebadilishwa, mwingine anaomba pasipoti ndo anagundua nchi aliyoishi maisha yote hajawahi kuwa raia wake. Wengine walimpata mama mzee wakakaa naye miaka michache, wengine walifika wakaonyeshwa kaburi. Na watoto wao nao wamekua bila bibi wala mjomba, na mzazi asiyejua kukumbatia kwa sababu yeye hakukumbatiwa.

"Si waliombwa radhi wakalipwa?" Radhi ndiyo, waziri mkuu wa Australia wakati huo Kevin Rudd Novemba 2009, wa Uingereza Gordon Brown Februari 2010, na mfuko wa nauli za kwenda kuonana na ndugu. Pesa ya fidia kutoka Uingereza, pauni 20,000, ilianza kutoka 2019, na sharti ni uwe ulikuwa hai tarehe 1 Machi 2018. Aliyefariki Februari ya mwaka huo, familia yake haikupata hata senti.